Mpira Ule Sikuuona

SEHEMU YA SABA

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa duka la miwani, nimevaa jezi safi, nywele zimechanwa, moyo unanidunda kama wa mtu anayekwenda kuposa. Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nitasimulia kwa kifupi tusonge.

Naitwa Orikasa Morihiko. Ni kipa wa timu ya mji wa Tsurumine, ligi daraja la pili hapa Japani. Miaka kumi na moja nilikaa benchi, nikijulikana na watu wawili tu: mke wangu na mama anayefua jezi.

Kisha Aprili mwaka huu kipa wetu namba moja akavunjika kidole, akawa nje msimu mzima. Nikaingizwa. Dakika ya themanini na nane shuti kali likanipiga usoni, likagonga mtambaa wa panya, likatoka nje. Tukashinda bao moja kwa bila.

Pua ilivunjika. Uso ukaumuka kama andazi. Picha yake ikasambaa nchi nzima.

Toka siku hiyo nikawa mtu. Kiwanda cha biskuti za mchele kikaichapa sura yangu iliyovimba kwenye pakiti. Wauza samaki sokoni wakawa wananifungia fungu la bure. Bibi mmoja alinisimamisha kituo cha treni akaniomba nimguse mjukuu wake pua kwa pua, eti akue jasiri. Mtoto alilia mpaka treni ikaondoka.

Nami sitawaficha, nilipenda. Nilipenda kupendwa kama mtoto anavyopenda sukari.

Ila kulikuwa na jambo lililonikaba koo miezi saba, na leo nalitema. Mpira ule sikuuona.

Sisemi niliuona kwa kuchelewa. Sikuuona kabisa. Tangu majira ya baridi macho yangu yalikuwa yanafifia, na kila kilichokuwa nje ya eneo la kumi na nane kwangu kilikuwa ukungu wenye miguu. Siku ile nilikuwa nimenyoosha shingo nikiutafuta mpira uko wapi.

Nikaupata.

Sasa fikirini nilivyojisikia nilipoambiwa kwamba duka la miwani limenichagua niwe sura ya tangazo lake. Habari hiyo aliniletea Bi Ubukata, mama wa matangazo pale klabuni, anacheka mpaka gego la mwisho.

"Wameshaandika na maneno yake," alisema. "Macho Yasiyokosa Kitu."

Ndivyo nilivyojikuta pale mlangoni.

Mwenye duka, Mzee Gamo, alikuwa na miaka sabini na ushei, shabiki wetu tangu timu ilipokuwa ikicheza kwenye kiwanja cha shule. Alituinamia mimi na Bi Ubukata, tukamwinamia, akatuinamia tena. Mpiga picha alikuwa tayari amefunga taa zake.

"Kabla ya picha nitakupima macho," mzee alisema. "Nataka namba zako zichapwe kwenye bango. Watu wajue tuna kiumbe wa aina gani."

"Hakuna haja, mzee. Tupige picha kwanza, mwanga usije ukatukimbia."

"Mwanga upi? Tuko ndani."

Bi Ubukata akanisukuma begani. "Nenda, kaka. Au unaogopa mashine?"

Nikakalishwa kwenye chumba kidogo chenye pazia jeusi, jicho moja limezibwa. Kipimo chetu ni vipete vyenye pengo. Unaonyeshwa kipete, unasema pengo liko upande gani: juu, chini, kulia au kushoto. Kitoto cha chekechea kinaweza, kama kinaona.

Nikajiambia: Orikasa, hii ni penalti. Pande ziko nne. Chagua moja, ruka kwa kujiamini.

"Cha kwanza?"

"Juu."

"Cha pili?"

"Kulia."

"Cha tatu?"

"Kulia tena."

"Cha nne?"

"Kushoto," nilisema, kwa sauti nzito ya mtu aliyebobea.

Mzee Gamo akaenda akaufunga mlango vizuri, akarudi, akavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Orikasa," alisema taratibu, "ubao sijauwasha bado."

Nikatoa kizibo cha jicho.

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ya mwaka jana."

"Na daktari wa timu? Si huwapima kila Januari?"

"Nilisimama wa mwisho kwenye foleni. Nikakariri majibu ya wenzangu."

Niliona anahesabu miezi kichwani, Januari, Februari, Machi, na alipofika Aprili akaushika mdomo wake kwa mkono.

"Kwa hiyo lile shuti..."

"Ndiyo, mzee."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, cha mtu aliye msibani. Kisha kikageuka kilio, akafuta macho kwa kitambaa cha kufutia miwani.

"Ile picha nimeitundika sebuleni," alisema. "Mke wangu anaifuta vumbi kila asubuhi."

"Nisamehe."

"Mbona hukuja mapema? Huoni mbali, basi. Wanafunzi wa sekondari wananijia na tatizo hili kumi kwa siku."

"Mzee, kipa wa miaka thelathini na nne akiomba miwani, wanampa na mkongojo."

Hakubisha. Alinipeleka kwa daktari wa macho wa jirani, tukapitia mlango wa nyuma, na baada ya saa nzima nikarudi nimevaa lenzi, yale mawani madogo laini yanayobandikwa kwenye mboni yenyewe. Tukapiga picha. Bi Ubukata alisifu jinsi macho yangu yalivyong'aa. Alisema hajawahi kuniona nikimtazama mtu usoni.

Kweli. Ndiyo kwanza nilijua ana chunusi kidevuni.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nione mji. Nilisoma kila kibao. Nilisoma mpaka ratiba ya taka. Nilipofika, mke wangu Chigusa alikuwa anakoroga supu ya miso, nikasimama mlangoni nikimtazama.

"Chigusa, mvi umeota lini?"

"Mwaka juzi," alisema bila kugeuka. "Karibu nyumbani. Umepata miwani?"

Nikakaa chini pale pale.

"Ulijua?"

"Baba Kotone, mwezi wa tano uliingia hapa ukaliinamia koti langu, lile lililotundikwa kwenye msumari. Ukaliambia leo umechelewa kwa sababu ya mazoezi. Mimi nilikuwa bafuni."

"Mbona hukuniambia?"

Alizima jiko. Akanawa mikono, akaikausha polepole, kidole kimoja kimoja.

"Miaka kumi na moja ulikuwa unarudi kutoka mechini huna cha kusimulia," alisema. "Mwaka huu mnakula wewe na mwanao Kotone, mnasimuliana mpaka chakula kinapoa. Niliona nikisema nitaiharibu meza."

Nikavuta bakuli langu. Kalenda iliyo ng'ambo ya meza ilikuwa na tarehe ndogo ambazo sikuwa nimezisoma tangu mwaka jana. Nilijiapia: Jumamosi, mechi ya mwisho ya msimu, nitadaka kama ninavyosifiwa. Sare tu ingetupandisha daraja la kwanza, jambo ambalo Tsurumine haijawahi kuliota. Nilikuwa na macho. Kipi kingine kilichobaki?

Jumatano nikaenda mazoezini kama bwana harusi.

Shuti la kwanza nililiona tangu linatoka mguuni. Niliona mishono ya mpira. Niliona maji yakiruka kutoka kwenye nyasi. Niliona meno ya mshambuliaji. Na jinsi lile dude lilivyokuwa linakuja, kwa kasi ile, kuelekea kwenye pua ambayo ilikuwa imeshavunjika mara moja, mwili wangu uliamua bila kuniuliza. Nikafunika uso, nikageuza mgongo.

Bao.

La pili nikaruka kabla halijapigwa. La tatu nikaruka baada ya kuingia. Kwa miezi saba nilikuwa nasimama imara kwa sababu sikujua kinachokuja. Sasa nilijua.

Mashuti kumi na mawili, mabao tisa. Kisha akaingia kipa mwenzangu, Hatanaka Rui, kijana wa miaka ishirini, mrefu, mpole, mwenye mikono kama makasia. Akafungwa mawili. Alipotoka alinipa chupa ya maji.

"Kaka Orikasa, labda umelala vibaya."

Hata kunikebehi hakujua. Ingekuwa mimi ningemkebehi mpaka Ijumaa.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Kocha Namekawa. Nilimkuta anachora mishale kwenye karatasi.

"Kocha, nina jambo zito la kukuambia."

"Macho," alisema, hakuinua kichwa.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Nahodha alinijia mwezi wa tano," aliendelea. "Mabeki wote wanne walikuwa wameshagundua. Mmoja alikurudishia mpira mazoezini, ukauacha upite katikati ya miguu huku unamwambia ahsante."

"Mbona ukaendelea kunipanga?"

Sasa akaweka kalamu chini.

"Kwa sababu ukiwa langoni, wale mabeki wanacheza kama watu ambao nyumba yao inaungua. Hakuna anayethubutu kuruhusu shuti. Tuna ukuta bora kuliko timu zote za ligi hii, Orikasa, na umejengwa na hofu waliyonayo juu yako."

Mechi kumi na tisa bila kufungwa bao. Nilikuwa nimezihesabu moja moja, nimezikata magazetini, nimezibandika kwenye daftari. Zote zilikuwa za watu wengine.

"Na Rui?" niliuliza.

Kocha alitazama dirishani. "Rui ni bora kuliko wewe. Ni bora tangu Juni. Lakini uongozi ulitaka uso wako, mabeki walikuwa wanafanya kazi, nikaona nisiguse kitu."

"Jumamosi mpange yeye."

"Unasema hivyo kwa sababu sasa unaona?"

"Nasema kwa sababu nimefungwa tisa mazoezini."

"Hiyo ndiyo sababu ya maana," alisema, akaandika jina la Rui kwenye karatasi.

Bi Ubukata alipopata habari alinifuata mpaka kwenye maegesho ya magari, ameshika boksi.

"Vinyago elfu nne vya uso wako vimeshatoka kiwandani," alisema. "Vya karatasi nzuri, vina hata uvimbe. Nifanye nini navyo?"

"Wavalishe tu. Mimi nitakuwepo benchi."

"Kaka, hakuna anayevaa uso wa mtu aliye benchi."

Jumamosi mvua ya Novemba ilikuwa inanyunyiza tangu asubuhi. Katika chumba cha kubadilishia nguo nilikaa karibu na Rui nikimfunga plasta za viganja, kama wenzangu walivyokuwa wakinifunga mimi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Una woga?" nilimuuliza.

"Kidogo. Kuna watu wa klabu moja ya kaskazini wamekuja kunitazama."

"Hao watu wa kaskazini wakupeleke wapi? Wewe mwakani ndiye kipa wetu."

Alitabasamu, akainamisha kichwa.

"Kaka, mimi mwakani sipo. Waliniita mwezi wa kumi wakaniambia mkataba hautaongezwa. Kipa ambaye hajacheza hata mechi moja hana cha kuonyesha." Akajaribu glovu, akafunga ngumi, akaifungua. "Leo ndiyo mechi yangu. Ni hii moja."

Plasta ilinikwama mkononi. Tangu mwezi wa kumi kijana huyu alikuwa ananiletea maji, ananiokotea mipira, ananisifia biskuti zenye sura yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekalia riziki yake. Na nimeikalia nikiwa sioni.

"Rui, kuna jambo..."

"Najua, kaka. Mabeki waliniambia."

Alijua naye. Nadhani waliobaki bila kujua Tsurumine nzima walikuwa wawili: mkuu wa mkoa na Bi Ubukata.

Tulipotoka uwanjani ndipo nilipopata adhabu yangu ya kwanza. Nilinyanyua macho jukwaani, na kwa mara ya kwanza nikawaona mashabiki wangu. Nyuso elfu nne, zote zangu, zote zimevimba, zote zinanitazama. Lilipotangazwa jina la Rui, zile nyuso zangu zikaguna kwa pamoja.

Dakika kumi za mwanzo mabeki walicheza kwa mazoea, wanajitupa kila upande. Kisha wakakumbuka kwamba leo langoni kuna mtu anayeona. Wakalegea. Timu ya Hamasaki ikaanza kupiga mashuti kama imefunguliwa bomba.

Rui akayadaka. La chini, la juu, la kona ya mbali. Moja alilipangua kwa ncha ya kidole likiwa limeshampita. Dakika ya thelathini mtu mmoja akaanza kuliita jina lake. Dakika ya arobaini uwanja mzima ulikuwa unaimba.

Mvua ilipozidi, viti vikalowa. Nikawaona watu wanavua vinyago, wanavitandika, wanavikalia. Mama mmoja alimkalisha mtoto wake juu ya uso wangu wa karatasi ili asilowe.

Nilicheka, jamani. Ila iliuma. Miezi saba ya mapenzi ilikuwa imekwisha kabla ya mapumziko, na aliyeyachukua alistahili.

Dakika ya themanini na tisa, bado bila kwa bila, kocha alinituma nikapashe misuli. Sisi akiba tunapashia nyuma ya goli. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwa Rui ilipokuja krosi ndefu. Rui akatoka, akaruka, akaupangua kwa ngumi, ukatoka kona. Goti la mshambuliaji wa Hamasaki likamkuta upande wa kichwa.

Nilisikia mlio wake. Sikuupenda.

Alilala kidogo, akainuka. Refa akamsogelea, Rui akamwinamia na kumwonyesha dole gumba. Uwanja ukampigia makofi. Daktari wetu, aliyekuwa ameshakimbia nusu njia, akarudi zake. Ubao ukaonyesha dakika nne za nyongeza.

Watu wote waliona kipa jasiri anarudi langoni. Mimi niliona nyayo zake. Alikuwa anakanyaga kwa tahadhari, kila hatua anaijaribu kwanza, kidevu kimeinuka kidogo, mkono mmoja uko mbele. Naujua mwendo ule. Niliutembea tangu theluji ya mwaka jana.

Nikasogea mpaka kwenye nyavu.

"Rui. Unaniona?"

"Nakuona, kaka."

"Vizuri?"

"Mko wawili."

Mpigaji kona alikuwa anauweka mpira kwenye pembe. Mabeki walikuwa wanasukumana na watu wao, wanamwita Rui awapange, naye hakuwapanga.

"Na mpira?"

"Nitadaka wa kulia," alisema, akajaribu kucheka, na sauti ikamkatika. "Usiseme. Nakuomba, kaka. Dakika nne tu. Wale watu wa kaskazini bado wapo jukwaani."

"Pigo la pili kichwani linaweza kukuua."

"Wewe ulisimama hapa miezi saba, na hakuna aliyesema."

Nikisema, atatoka, na atakayeingia ni mimi. Macho yangu yanaona mpira na mwili wangu unaukimbia. Tsurumine nzima itasema Orikasa kamng'oa kijana ili apigiwe makofi mara ya mwisho. Nikinyamaza, kijana atapata klabu, au hataiona kesho.

Damu nyembamba ilikuwa imeanza kumtoka sikioni. Mvua ilikuwa inaisafisha kabla mtu mwingine hajaiona.

"Orikasa." Alikuwa Kocha Namekawa, amesimama kwenye mstari, viganja mdomoni. "Uko karibu naye. Yuko sawa?"

Rui aligeuka upande wangu. Midomo yake ilichezacheza. Refa akatia filimbi kinywani.

"Orikasa," kocha aliita mara ya pili. "Nakuuliza wewe."